Tiara ya Winny na Upepo wa Mvua

Kila asubuhi, ukungu ukiwa bado umelala juu ya majani, Kimeli na mkewe Joan waliingia shambani kuchuma chai. Shamba lao lilikuwa dogo, nyuma ya kilima ukitoka soko la Roret. Walichuma majani mawili na chipukizi lake, wakatupa kikapuni mgongoni, wakachuma tena. Jua likipanda walibeba vikapu hadi kituo cha kuuzia chai, juu kabisa ya kilima. Alasiri mvua ilikuja, mara nyingine ya mawe. Ndivyo siku zinavyokwenda huku kwetu. Asubuhi ukungu, mchana jua, alasiri ngurumo. Mtoto wa huku huijua mvua kabla hajajua kuhesabu.

Kwa hiyo kosa alilofanya Kimeli mwaka ule wa 1996 halikuwa kosa la mtu asiyeijua mvua. Lilikuwa kosa la mtu mwenye haraka.

Kimeli na Joan walikuwa na binti wa miaka kumi, jina lake Winny. Kanisa lao lilikuwa na Siku ya Watoto kila Agosti, shule zikiwa zimefungwa. Siku hiyo watoto walirusha tiara uwanjani, na wazazi wakatazama. Mwaka uliopita Winny alikwenda na tiara ya karatasi ngumu aliyojitengenezea. Haikupaa. Alikimbia nayo, ikaburuta nyasini kama mbuzi anayekataa kwenda sokoni. Watoto wenzake walicheka mpaka wakakaa chini. Winny aliiacha hapohapo, akarudi nyumbani peke yake. Kimeli hakuwapo. Alikuwa ameenda kuangalia ng'ombe wa kununua, na ng'ombe mwenyewe hakumnunua.

Jambo hilo lilimkaa Kimeli moyoni. Kwa hiyo Agosti ilipofika tena, alijipiga kifua mbele ya mtoto.

"Mwaka huu tiara yako itapaa," alimwambia. "Nitatengeneza mimi mwenyewe."

Ukweli ni kwamba Kimeli hakuwahi kushika uzi wa tiara maishani mwake. Lakini alikuwa amejenga nyumba, amejenga zizi, tena zizi zuri. Aliona hakuna karatasi ya kumshinda. Kuuliza aliona aibu.

Alichukua gunia la mbolea, akalipasua. Alikata fito za mkaratusi, nene kama kidole gumba. Akazipigilia misumari. Joan aliiinua ile tiara kwa mikono miwili, akauliza kama hiyo ni tiara au ni mlango wa nyumba ya kuku.

Asubuhi walikwenda kuijaribu malishoni. Kulikuwa na upepo mwanana, ule unaotikisa majani ya migomba tu. Winny alikimbia na uzi mpaka akaanguka. Tiara ilimfuata chinichini.

"Hakuna upepo," Kimeli alisema.

Upepo ulikuwapo. Ulitosha kabisa kwa tiara nyepesi. Kilichokosekana ni tiara nyepesi, lakini hilo Kimeli hakulijua.

Walingoja. Alasiri mawingu yalijikusanya, na ule upepo unaotangulia mvua ukavuma kwa nguvu. Tiara ilirushwa juu kwa kishindo. Winny alicheka kwa sauti. Mara uzi, ambao Kimeli aliufumua kutoka katika gunia, ukakatika. Tiara ikaangukia mboga za sukuma za Joan.

Siku hiyo Kimeli alijifunza mambo mawili, na yote mawili hayakuwa sawa. La kwanza, kwamba upepo mzuri ni ule mkali wa alasiri. La pili, kwamba anachohitaji ni uzi usiokatika.

Uzi usiokatika alijua utapatikana wapi. Kinu cha kusagia mahindi pale sokoni kilikuwa kimeunguza mota yake ya umeme, na mota ile ilitupwa nyuma ya kinu. Ndani yake kulikuwa na waya mwembamba wa shaba, mrefu kupita kiasi. Kimeli aliomba, akapewa. Alirudi nyumbani akiwa ameuzungusha kwenye kijiti, furaha tele.

Joan aliutazama ule waya. "Baba Winny, hiyo si waya ya stima?"

"Ilikuwa ya stima. Sasa ni waya tu."

Joan hakupendezwa. Alirudi jikoni.

Ijumaa ya juma lile, Kimeli alimaliza kuuza chai mapema, akampeleka Winny pale juu kilimani karibu na kituo. Alipachagua kwa sababu palikuwa wazi na pana upepo. Nguzo za stima zilipita papo hapo zikielekea kiwanda cha chai. Kimeli alikuwa akizipita nguzo hizo kila siku, na kitu unachokipita kila siku huwa hukioni. Alichotazama ni mawingu. Upande wa ziwa, mvua inakotokea, kulikuwa kweusi, na kwake hiyo ilikuwa habari njema.

Upepo ulianza. Winny alinyoosha mkono apewe waya. Kimeli mwenyewe aliuzungusha kwenye kifundo cha mkono wa mtoto, akaukaza, ili usimponyoke. Kisha akainua tiara na kuisukuma hewani.

Ilipaa. Ilipaa kwa kasi, nzito, waya ukilia kwa upepo. Wanawake waliokuwa kwenye foleni ya kupima chai waligeuka kutazama. Mmoja akapiga makofi. Winny alikuwa anacheka, meno yote nje. Kimeli alijiona mrefu kuliko watu wote pale kituoni.

Halafu upepo ukageuka. Upepo wa mvua hauna msimamo. Huvuma huku, mara kule. Tiara ililala ubavu, ikaanza kuelekea kwenye nguzo.

Katika ile foleni alikuwapo mama mmoja anayeitwa Bilhah, au Mama Ann kama walivyomzoea. Alikuwa fundi wa nguo sokoni Roret, na nyumba yake na kishamba chake cha chai vilikuwa hapo chini ya kituo. Yeye na mumewe walihamia huku zamani kutoka upande wa Limuru. Bilhah hakuwa mtu wa kupaza sauti, hata akidaiwa nguo ambayo hajamaliza. Siku ile aliangusha kikapu chake, chai ikamwagika yote, akaja mbio.

"Baba Winny, toa hiyo waya kwa mkono ya mtoto. Toa sasa, kabla haijagusa stima."

Kimeli aliinua macho, akaona.

Alimrukia mtoto. Waya ulikuwa umekazwa na nguvu za tiara, umezama katika ngozi. Winny aliacha kucheka, akaanza kulia kwamba anaumia. Kimeli aliufikia waya kwa juu, akauvuta kwa mkono mmoja ili ulegee, na kwa mkono wa pili akaanza kuufungua. Waya ulimkata kiganja. Alifungua mzunguko mmoja. Juu, tiara ilizidi kusogea. Akafungua mwingine. Winny alikuwa anaita mama yake.

Waya ulichomoka.

"Achilia. Beba mtoto, kimbia," Bilhah alisema.

Kimeli aliachilia, akamwinua Winny, akakimbia kuelekea barabarani. Nyuma yao ulisikika mlio kama wa bati kubwa linalopasuka, na mwanga wa buluu ukamulika kilima chote. Taa ya ofisi ya karani wa kituo ikazimika. Kimeli alipogeuka, waya ulikuwa umelalia nyaya za stima, na ncha yake ilikuwa inaning'inia mpaka chini. Mahali alipokuwa amesimama Winny, nyasi zilikuwa zinafuka moshi.

Winny alikuwa hai, amemshika baba yake shingoni kwa nguvu zote.

Hapo ndipo Kimeli alipotaka kufanya upumbavu wa pili. Alimweka mtoto chini, akaanza kurudi kule kwenye waya. Aliona watu ni wengi na waya uko wazi, akataka kuuondoa. Bilhah alimkamata koti kwa nyuma.

"Usiguse."

"Lakini stima imezima, Mama Ann. Si taa ya karani imekufa?"

"Taa kuzima si kusema waya imekufa. Stima inaweza kurudi saa yoyote, na wewe umeishika. Usiguse na mkono, usiguse na mti, usiseme ati umevaa gambuti za mpira. Hata karibu usiende. Ni watu wa stima pekee watatoa."

Karani wa kituo, mwanamume mmoja wa Kisii jina lake Bosire, alielewa upesi. Aliwarudisha watu wote nyuma, mbali kabisa. Lori la chai lilipotokea, alimwomba dereva ageuze arudi kiwandani, kwenye simu, awaite mafundi wa stima. Yeye mwenyewe alibaki kando ya barabara akizuia kila aliyetaka kupita.

Ngurumo ya kwanza ilipiga. Baadhi ya watu walielekea chini ya mti, lakini Bilhah aliwaambia wasikae chini ya mti wakati wa radi. Waingie ndani ya nyumba. Nyumba ya karibu ilikuwa yake. Wakaingia.

Mvua ya mawe ilianguka juu ya mabati, ikawa hawasikilizani. Bilhah alimimina chai, nyingine ikamwagika mezani. Winny alikaa akitazama kifundo cha mkono wake. Kulikuwa na mstari mwekundu unaokizunguka.

Mawe yalipopungua, Bilhah aliketi karibu na Kimeli. Alimweleza kwamba kwao Limuru alikuwa na kaka mdogo, Muturi. Hakuna mtoto aliyejua tiara kumshinda Muturi. Alimfundisha dada yake kila kitu, jinsi ya kuchagua fito, jinsi ya kufunga uzi. Siku moja uzi ulimwishia. Alifumua waya ndani ya redio mbovu ya baba yao.

"Hakukuwa na mtu wa kumwambia aachilie kabla haijagusa stima," Bilhah alisema. "Mimi nilikuwa naona, lakini sikuwa najua. Nilikuwa napiga makofi."

Kimeli aliinamisha kichwa.

"Baba Winny, hebu nikuulize," Bilhah aliendelea. "Kwa nini mlikuja na mvua iko karibu?"

"Asubuhi hakuna upepo. Hii tiara inataka upepo kubwa."

"Inataka upepo kubwa kwa sababu ni nzito. Na upepo kubwa ya huku ni ya mvua, na mvua inakuja na radi. Upepo kubwa inakata uzi, ndio ukaenda kutafuta waya. Umeona vile moja imeleta ingine? Ungetengeneza tiara nyepesi, hakuna hata moja ingetokea."

Kimeli aliona mlolongo wote, kuanzia fito za mkaratusi mpaka nyasi zinazofuka moshi. Zizi zuri halikumsaidia kitu.

Winny alisema kwa sauti ndogo, "Mimi sitaki tiara tena."

Neno hilo lilimchoma Kimeli kuliko waya.

Jioni ile alimweleza Joan yote yeye mwenyewe, bila kupunguza, kabla majirani hawajafika na chumvi zao. Joan hakugomba. Alimvuta mtoto, akaushika ule mkono, akalia. Kimeli alitamani kama angegomba.

Kesho yake asubuhi mafundi wa stima walikuja wakautoa waya. Waliwaambia watu maneno yaleyale ya Bilhah, wakaongeza mengine: wasirushe tiara karibu na nyaya, wasitumie waya wala uzi ulioloa maji, na tiara ikinasa kwenye nyaya waiache, wawaite wao. Kimeli alisimama mbele ya wote akasikiliza. Kutoka pale alikwenda moja kwa moja hadi kibarazani kwa Bilhah, penye cherehani yake.

"Nifundishe, Mama Ann. Nifundishe kama mtoto."

Bilhah alitafuta matete makavu, akayapasua membamba. Aliyaweka msalaba, tete refu kusimama, fupi kulala kwa juu, akayafunga kwa uzi pale yalipokutana. Alizungusha uzi kwenye ncha zote nne. Alibandika karatasi ya gazeti kwa uji mzito wa unga wa ngano. Halafu alifunga nyuzi mbili fupi mbele ya tiara zikakutana kwenye fundo moja, na akaeleza kwamba hapo ndipo uzi mrefu unapofungwa; fundo likikaa chini sana, tiara haipandi. Nyuma alifunga mkia wa vipande vya vitambaa vilivyobaki chini ya cherehani.

Akaiweka kwenye kiganja cha Kimeli. Ilikuwa nyepesi hata akaitazama kuhakikisha kwamba ipo.

Uzi wa kurushia ulikuwa wa pamba, ule mnene wa kushonea magodoro, mkavu. Bilhah aliuzungusha kwenye kijiti kifupi.

"Huu usifunge kwa mkono. Shika kijiti. Ikikuzidi, achilia kijiti, iende. Tiara tutatengeneza ingine."

Walikwenda malishoni bondeni, mahali pasipo na nguzo wala miti. Jua lilikuwa limetoka, na majani ya migomba yalikuwa yanatikisika. Bilhah alimsimamisha Kimeli, upepo ukimpiga mgongoni. Yeye akasimama mbele na tiara. Alimwonya asikimbie, angoje upepo ujae kwenye karatasi, kisha avute uzi taratibu.

Mara ya kwanza Kimeli alivuta kwa pupa, tiara ikapiga pua chini. Mara ya pili ilipanda, ikaanza kuzunguka kama ndama aliyelewa. Majirani walikuwa wamekusanyika kwenye ua wa malisho, wanacheka mtu mzima anachezea gazeti. Kimeli aliwaacha wacheke. Bilhah alisema mkia ni mfupi, wakaongeza kitambaa. Mara hiyo tiara ilipanda polepole, ikatulia. Ikilegea, alivuta kidogo. Ikimvuta, aliachia uzi.

Winny alikuwa ameegemea ua, amesimama upande wa Joan. Kimeli alimwona, lakini hakumwita. Aliogopa kumwita. Alibaki kushika uzi.

Baada ya muda alisikia nyayo nyuma yake.

"Hakuna waya?" Winny aliuliza.

"Hakuna. Gusa uone."

Winny aliushika uzi kwa vidole viwili, akausugua. Alitazama upande wa nguzo, mbali juu ya kilima. Alitazama mawingu.

"Sifungi kwa mkono," alisema.

"Usifunge."

Kimeli akampa kijiti.

Siku ya pili yake ilikuwa Jumapili, ndiyo Siku ya Watoto. Kila mwaka kulikuwa na ibada, hotuba za wageni, chakula, halafu tiara alasiri. Kimeli alimwendea mchungaji kabla ya kengele kulia. Mchungaji alikuwa amekwisha kusikia habari za kilimani, lakini alisita, kwa kuwa wageni walikuwa njiani na ratiba imekwisha pangwa. Kimeli hakuwa mtu wa kubishana na mchungaji. Siku hiyo hakuondoka mlangoni mpaka akakubaliwa tiara zirushwe mara tu baada ya ibada, kabla ya hotuba na mvua ya alasiri.

Yeye na Bilhah walipita wakikagua tiara za watoto mmoja mmoja. Walipofika kwa kijana mmoja wa nyumba ya tatu kutoka kwake, Kimeli aliona kitu kinang'aa mkononi mwake. Kilikuwa waya wa shaba. Kijana alieleza kwamba ameutoa kwenye ile mota nyuma ya kinu. Aliona Ijumaa jinsi usivyokatika. Alikuwa amewafundisha watoto wa watu bila kufungua kinywa. Aliuchukua waya, akautia mfukoni, akampa uzi wake wa akiba. Baadaye siku hiyohiyo alimwendea mwenye kinu, na mota ikafungiwa ndani.

Tiara zilirushwa. Baadhi zilikataa, watoto wakacheka kidogo, wakasaidiana. Ya Winny ilipanda juu ya zote, tulivu, na mkia wake wa vitambaa vya rangi. Waliomcheka mwaka uliopita walikuwa wameinua shingo. Mwalimu wa watoto alikuwa anazunguka akiamua nani mshindi, na kila mtu alijua jibu.

Mbali sana, upande wa ziwa, ngurumo ililia. Ilikuwa ndogo. Juu ya uwanja bado jua lilikuwa linawaka.

Winny alianza kuzungusha uzi kwenye kijiti.

"Ngoja kidogo, Winny," mwalimu alimwambia. "Hata hatujatangaza."

Winny alimtazama baba yake. Kimeli naye aliitazama ile tiara. Alikuwa ameingoja siku hiyo mwaka mzima.

"Teremsha," alisema.

Watoto wengine walimwona, nao wakaanza kuteremsha zao, moja baada ya nyingine. Wa mwisho alikuwa bado mlangoni mwa kanisa mawe yalipoanza kuanguka. Uwanja wote walipokuwa wamesimama uligeuka mweupe. Radi ilipiga karibu, kina mama wakashika watoto wao. Hakuna aliyekosekana.

Mshindi hakutangazwa. Hotuba zilisomwa humo ndani, wageni wakishindana na kelele za mabati. Yule kijana wa waya alimsogelea Winny, akamuuliza kwa nini ameteremsha tiara naye ndiye aliyekuwa anashinda.

Winny alikuwa ameipakata tiara yake, kavu, haijachanika popote.

"Nitairusha mwaka ujao," alisema.

Kimeli alimsikia. Aliuchukua mkono wa binti yake, ule wenye mstari wa waya ambao sasa ulikuwa umeanza kufifia, akaushika mpaka mvua ikaisha.